Fensi Aliyoisifu Shemeji

Mimi nina mdomo, sikatai. Mke wangu husema Mungu aliponiumba alianza na mdomo, akamalizia na mikono, na hapo katikati akapitisha harakaharaka. Basi sawa. Lakini mikono hiyo ndiyo inayokata fensi za miti za mtaa huu wote, nyumba kumi na moja pamoja na zahanati, na hajazaliwa mtu wa kupima kazi yangu kwa kamba akakuta imepinda. Ndiyo maana wananiita Makasi. Hata mke wangu ananiita Makasi, na tumeoana miaka ishirini na sita.

Kanuni yangu ilikuwa moja. Fensi inakatwa kila wiki ya nne, juu inakuwa bapa kiasi cha kuweka kikombe cha chai kisimwagike, na ua halionekani. Ua kwenye fensi, nilikuwa nikiwaambia wateja, ni sawa na uzi unaoning'inia kwenye shati la bwana harusi. Unakatwa tu. Nikiona kitumba, mkasi huo! Na watu walinisikiliza, maana ukisema jambo kwa sauti kubwa miaka ishirini, linageuka sheria.

Kwangu mwenyewe sasa, kinyozi hajinyoi. Fensi ya nyumbani niliipanda kwa vipande nilivyokata kwa watu. Leo nachomeka kijiti cha mhina, kesho cha ule mti wa maua ya zambarau na vitunda vya manjano, keshokutwa mrihani, rozmari, yasmini, na mingine ambayo hata majina yake siyajui. Kilichoshika kilishika. Halafu sikuigusa tena. Ilikuwa imetanuka na kuinamia njia mpaka mtu akipita lazima ageuze bega, na haikosi maua mwaka mzima, huu ukimaliza ule unaanza. Jioni nikirudi na mkasi wangu begani nilikuwa naingia getini nikiangalia upande mwingine kwa aibu.

Basi mwaka jana akaja Shemeji kukaa nasi. Ni mdogo wake mke wangu, mjane, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Marehemu mumewe alikuwa mfuga nyuki, na ufundi wote alimfundisha mkewe. Walikuwa na mizinga minane. Alipokuja kwetu, alfajiri, kwenye gari la kukodi, alikuja na mmoja tu, mlango umezibwa kwa wavu, ameukumbatia magotini njia nzima. Hiyo mingine saba, ndugu walisema, iliharibika. Sikuuliza zaidi, na kwa mimi kutouliza jambo, ujue nilimwonea huruma kwelikweli.

Tuliuweka nyuma ya nyumba, kwenye pembe ya fensi, mbali na kamba ya nguo. Asubuhi ya kwanza Shemeji alichukua kigoda na kikombe chake cha chai, akakaa pembeni ya mlango wa mzinga, akatazama. Nikamwambia, "Shemeji, nyuki hao hawana televisheni, unatazama nini?" Akaninyooshea kidole bila kugeuka.

"Huyu aliyetua sasa katoka kwenye mrihani. Huyu wa nyuma yake, mhina. Na yule mnene anayeyumba, katoka kwenye ule wa zambarau."

"Amekuambia?"

"Tazama miguu. Ile poda wanayoibeba ni chavua, unga wa maua. Kila mti una rangi yake."

Nikachuchumaa. Loo! Kweli bwana. Kila nyuki alikuwa na vifurushi viwili miguuni, huyu vya manjano, huyu vya rangi ya maziwa, huyu vya machungwa. Miaka yote nimeshinda na nyuki kwenye miti nikiwafukuza kwa kofia, sikujua kwamba wanabeba mizigo. Niseme wazi: sijawahi kuona mtu anayejua kitu kama yule mwanamke anavyojua nyuki. Aliweza kuinua nyuma ya mzinga kwa vidole viwili, kidogo tu, akakuambia asali iliyomo itatosha wiki ngapi. Aliweza kusikia mlio wao akajua kama wameshiba au wamekasirika. Alijua pia miti ya kudanganya. Siku moja nilimwonyesha bogenvilia ya zahanati, imewaka nyekundu ukuta mzima, nikidhani nimemfurahisha. Akacheka. "Uzuri wa mkakasi huo, Shemeji. Nyuki wangu wanaupita hivihivi, hawageuzi hata shingo."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Karibu kila siku Shemeji aliniambia, "Fensi yako hii ndiyo bora kuliko zote mtaani."

Wewe ungeelewaje? Mimi na shemeji yangu ni watani tangu siku ya harusi. Hajawahi kunisifu pasipo pilipili ndani. Nikivaa shati jipya ataniuliza kama maiti aliyezikwa bila hilo shati ametoa ruhusa. Na mimi nilimwambia mbele za watu kwamba nyuki wake wanakaa naye kwa sababu hawajawahi kuonja chakula chake. Ndivyo tunavyopendana. Kwa hiyo aliposifu kichaka kile, mbele ya fundi wa fensi, nilijua nasutwa. Nikamjibu, "Cheka, cheka. Siku yangu itafika."

"Usiiguse," akasema. "Ukiigusa nitakukata masikio kwa mkasi wako huohuo."

Nikacheka. Na yeye akacheka. Lakini moyoni ilinichoma, na nikaapa kwamba mwanamke huyu atanyamaza.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, nyasi zimeungua, miti mikubwa imeshamaliza maua yake. Jumamosi moja mke wangu na Shemeji waliondoka asubuhi kwenda kumjulia hali shangazi yao, warudi jioni. Geti lilipofungwa tu, nikatoa ngazi, kamba na mkasi mkubwa niliounoa tangu jana yake. Nilikata fensi ile kama sijawahi kukata fensi. Mikono ilinitoka malengelenge. Nyuki walinizunguka kichwani, nikawapunga kwa kofia, nikaendelea. Kufikia alasiri ilikuwa imenyooka, kijani kitupu, pembe zake unaweza kujikata nazo. Matawi niliyapakia kwenye mkokoteni mara tano nikayatupa jalalani. Nikaoga, nikavaa, nikakaa barazani kusubiri sifa zangu.

Wakaingia. Mke wangu akasimama, akashika kiuno. "Makasi! Leo jua limetokea wapi?" Nikatabasamu. Shemeji akaweka mkoba chini, akatazama fensi kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole. Akapita, akaenda nyuma, akachuchumaa penye mzinga.

Nilimfuata, bado najichekea. "Sema basi! Leo unayo ya kusema?"

"Shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe, "watoto wangu watakula nini?"

"Watoto gani?"

"Hawa nyuki. Nilikuambia usiiguse."

"Si ulikuwa unatania?"

"Sikuwa natania. Kwa hilo sikutania hata siku moja." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitisha. "Miti mikubwa imekwisha maua. Majani yamekauka. Huko mtaani hakuna ua hata moja, wewe unajua kwa nini. Walikuwa wanaishi kwa fensi hii tu. Nilikuwa namshukuru Mungu kila asubuhi kwamba mwenye nyumba ni mvivu."

Jamani! Nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu safi. Nikamwambia tununue sukari, tuwakorogee maji ya sukari, si nimesikia watu wanafanya hivyo?

"Tutafanya. Lakini huo ni uji wa mgonjwa. Unamshikilia asife, haumleei mtoto. Bila chavua malkia anaacha kutaga. Na akiacha kutaga, nyuki hawa hawasubiri wafe, Shemeji. Wanahama. Unaamka asubuhi unakuta sanduku tupu."

Halafu akaniambia jambo ambalo hata dada yake hakuwa akilijua. Ile mizinga saba haikuharibika. Mwezi mmoja baada ya mazishi, hakuweza kuvumilia tena kuiona, maana kila sanduku lilikuwa na alama ya mkono wa mumewe. Akairina yote kwa siku mbili, akachukua asali yote, hakuwabakizia hata sega moja la kula. Alikuwa na hasira, alisema, alitaka kazi ile iishe. Ikaisha. Mmoja baada ya mwingine, katika wiki tatu, walihama wote. Huu wa nane ulipona kwa sababu mvua kubwa ilinyesha akashindwa kuufikia.

"Mume akifa, huna la kufanya," akasema. "Lakini hao saba niliwafukuza mimi. Wakiondoka na hawa, sifugi tena. Nitampa mtu vifaa vyote. Sitajiamini tena na kitu chenye uhai." Akainuka, akajipangusa kanga, akaingia ndani kumsaidia dada yake kupika. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Usiku ule sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa nimeshasimama kwa Mwalimu. Mwalimu ni mstaafu, na fensi yake ndiyo ndefu kuliko zote mtaani, hatua sitini za ule mti wa maua ya zambarau peke yake. Zamu yake ilikuwa Jumatatu. Nilipita nikiichungulia. Ilikuwa na vitumba. Ncha zote zimejaa vitumba, vidogo, bado vimefumba, na kesho yake nilikuwa nivikate vyote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zamu yangu si kesho?"

"Ndiyo, na nimekuja kukuambia kesho siji. Fensi yako isikatwe. Iachwe itoe maua."

Mwalimu akavua miwani. "Makasi. Mwaka juzi, penye mlango huuhuu, mke wangu alikuomba uache maua kidogo tu upande wa dirishani. Ulimjibu nini?"

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nikasema kwa sauti ya chini, "Nilisema fensi yenye maua ni ya nyumba isiyo na mwenyewe."

"Ukakata."

"Nikakata."

"Akanuna wiki nzima. Sasa aliyenuniwa ni wewe au mimi?"

"Mwalimu, nilikosea."

"Sijasikia."

"Nilikosea! Miaka ishirini na mbili nakosea. Kuna nyuki kwangu wana njaa kwa sababu ya mkasi wangu, na wakihama, shemeji yangu atavunjika moyo na sijui kama utaungika tena." Sauti ilinitoka vibaya hapo mwisho. Mwalimu akaacha kufurahia. Akamwita mkewe, nikarudia yote mbele yake, na yule mama akanisikiliza mpaka mwisho huku kakunja mikono.

"Aiache," akamwambia mumewe. "Na akionekana hapa na mkasi kabla sijamwita, nitamfungulia maji ya bomba."

Nikaenda nyumba zote kumi na moja siku hiyo, nikila matapishi yangu mlango kwa mlango. Waliposikia Mwalimu amekubali, wengi wakakubali. Mwoka mikate akakataa, akasema yeye hataki wateja wapite kwenye pori, akachukua kisu cha mikate akaikata fensi yake mwenyewe. Ilitoka kama meno ya mamba. Wakati mwingine ningesimama pale nicheke mpaka nilie. Siku ile nilipita tu.

Vitumba havina haraka. Unaweza kuvitazama, unaweza kuvigombeza, na nilivigombeza, vitafunguka siku yao. Shemeji aliwakorogea nyuki maji ya sukari kila asubuhi, akiweka vijiti juu yake wasizame. Hakuna mhudumu wa hospitali atakayenidanganya kwamba anahudumia kuliko hivyo. Alikuwa akipima joto la yale maji kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa. Kila baada ya siku mbili aliinua nyuma ya mzinga kwa vidole vyake viwili, akaurudisha, akaandika kitu kichwani. Hakunilaumu tena hata mara moja. Alikuwa ananiwekea chai. Na mimi nilikuwa nagombana na kila mtu isipokuwa yeye, mpaka mke wangu akaniambia nikakae barabarani nigombane na magari.

Siku ya nane hakuna nyuki aliyerudi na chavua. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi saa sita, mimi kwenye ndoo, yeye kwenye kigoda. Walikuwa wanatoka wachache, wanarudi miguu mitupu.

"Wamepunguza kazi," akasema Shemeji. "Wakiwa wanataka kuondoka huwa hivi. Wanakunywa wanachokunywa, wanakaa ndani, wanasubiri."

"Wazibie mlango!"

"Mtu hazuiwi kwa kufuli, Shemeji. Anayetaka kuondoka ameshaondoka." Mchana huo hakula, na mke wangu alipomsihi, akasema anaogopa kufungua mdomo asije akalia.

Siku ya kumi na moja, Mwalimu mwenyewe akaja getini kwangu, anahema, suruali ya kulalia. "Makasi, njoo. Njoo uone."

Nikatoka mbio. Fensi ilikuwa imefunguka, upande wote unaopigwa na jua la asubuhi. Mashada ya zambarau yananing'inia moja juu ya jingine, hatua kama arobaini hivi, na katikati ya kila kiua mstari mweupe mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Miaka ishirini na mbili nimeikata fensi ile na sikuwahi kuiona imechanua! Na mlio! Ilikuwa inaunguruma. Nyuki walikuwa ndani yake kwa mamia, wanaingiza vichwa, wanatoka, wanahamia ua la pili bila kusukumana. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama dirishani na nguo ya kulalia, mikono kashikilia mashavu. Nilisahau hata kumwamkia. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia Mwalimu, nikakumbuka ni mwalimu, nikampa mkono.

Nikarudi nikipiga kelele njia nzima. Shemeji alikuwa ameshakaa penye mzinga. Akanionyesha mkono ninyamaze. Nyuki mmoja akatua mlangoni, ana vifurushi vyake viwili miguuni. Halafu mwingine. Halafu wanne kwa pamoja.

"Basi wamepona!" nikasema.

"Bado. Wanaweza kula vizuri na bado wakaondoka. Kama walishaamua, wameamua." Lakini sauti ilikuwa inamtetemeka. "Tuwaache siku sita. Wasisumbuliwe. Halafu nitafungua, nitazame mayai. Wanaotaka kuhama hawatagi."

Siku sita! Sikumbuki nilifanya nini. Najua nilifagia uwanja mpaka mke wangu akanificha ufagio. Mhina wa jirani wa pili ukafunguka, ukanukia mpaka chumbani. Hata fensi yangu ilianza kutoa vijani vyekundu vichanga, na nilipovigusa nilivigusa kwa mgongo wa kidole.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, jua likiwa safi, Shemeji akavaa wavu wake usoni, akanipa na mimi mmoja. Ulikuwa mkubwa, wa mwanamume. Akanipa lile kopo la kufukizia moshi, akanionyesha jinsi ya kulibinya taratibu. Mke wangu alisimama mbali, penye mlango wa jikoni. Shemeji akafungua kifuniko, akainua fremu ya kwanza, ile mbao iliyoshika sega, akaitazama, akairudisha. Asali mpya kidogo. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, ile ya katikati, aliishika muda mrefu akiigeuza juani, halafu akaninyooshea.

"Sioni," akasema. "Nina machozi, sioni kitu. Shika wewe. Jua likupige mgongoni. Tazama chini kabisa ya kila kitundu."

Nikaweka kopo chini, nikashika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, ya uvuguvugu, imejaa nyuki wanaotembea juu ya vidole vyangu. Nikatazama. Vitundu vilikuwa vitupu. Nikainamisha kidogo, jua likaingia ndani.

"Kuna kitu," nikasema. "Cheupe. Kidogo sana, kama kipande cha uzi."

"Kimoja tu?"

"Kila kitundu kina chake. Shemeji, viko vingi, vimejaa upande mzima."

"Vimelala au vimesimama?"

"Vimesimama. Vyote vimesimama."

Yai la nyuki husimama siku linapotagwa, na kila siku hulala zaidi. Hilo nililijua baadaye. Pale nilichoona ni Shemeji anakaa chini kwenye majani, anauvua wavu, anaficha uso kwenye kanga. Dada yake akaja mbio kutoka jikoni, akapiga magoti, akamshika mabega.

"Hawajaniacha," alikuwa akisema. "Dada, hawajaniacha. Hawajaniacha."

Mimi nilibaki nimesimama na ile fremu mikononi. Nyuki mmoja alikuwa amenichoma kidole gumba, kinawaka moto, na sikuthubutu kukisogeza.